Miaka Yangu katika Kiti cha Kushoto

Wenzangu vijana wa shule ya udereva, mmeniomba niandike mambo ya kazini kabla sijayasahau. Nimestaafu mwezi mmoja tu, kwa hivyo bado nayakumbuka yote, isipokuwa pale nilipoweka miwani. Mmoja wenu amebandika ofisini karatasi yenye picha za wanawake waliotangulia: wa kwanza kurusha ndege, wa kwanza kuwa hakimu, wa kwanza kupasua mgonjwa, wa kwanza kupanda sijui mlima gani. Chini kabisa ameandika kwa kalamu nyekundu kwamba Mwalimu Wakesho ndiye mwanamke wa kwanza kufundisha udereva hapa Malindi. Nashukuru. Lakini karatasi ile inanifanya nionekane kama mtu aliyeamka siku moja akaamua kuvunja ukuta, na mimi sikuvunja ukuta wowote. Niliitwa kwa sababu kazi ilikosa mtu. Mkiambiwa fulani alikuwa wa kwanza, ulizeni ni nani aliyekuwa hayupo siku ile.

Mshahara sitautaja, ulikuwa mdogo na umekwisha. Vyeo navyo havina hadithi, maana shule yetu ilikuwa na vyeo viwili tu: mwenye shule na asiye mwenye shule.

Wazazi wangu ni Wataita. Baba alishuka pwani kuendesha lori la korosho, nasi tukamfuata. Mgongo ulipoanza kumsumbua, alinifundisha kuendesha ndani ya ua wa ghala ili apatikane mtu wa kulisogeza lori yeye akiwa amelala. Leseni niliipatia Mombasa, ambako hakuna aliyenijua wa kunicheka. Nilipoajiriwa na Mzee Athmani mwanzoni mwa miaka ya themanini, hata hivyo, sikuajiriwa kuendesha. Niliajiriwa kupiga taipu, kuandika majina ya wanafunzi na kupangusa vumbi kwenye meza ya mji.

Meza ile wengi wenu hamkuiwahi. Ilikuwa meza ya mbao iliyochorwa barabara kwa rangi, ina msikiti, kanisa, hospitali, mzunguko, na vigari vya bati ambavyo wajukuu wa Mzee Athmani walikuwa wakiviiba kila likizo. Ilikuwa pia na njia ya reli. Malindi haina reli hata leo, lakini watu wake wamefaulu mtihani wa kuivuka kwa miaka mingi bila kuiona.

Mzee Athmani alikuwa mtu wa mtaa wa Shella, mpole, mwenye ndevu nyeupe na mfuko wa kanzu usiokosa tende. Hakuwahi kumpigia kelele mwanafunzi. Alipotaka upunguze mwendo aligonga dashibodi kwa kidole mara moja, na alipotaka usimame aligonga mara mbili. Gari letu, Datsun ya buluu, lilikuwa na breki ya pili upande wa kushoto kwa ajili ya mwalimu, na yeye alikuwa na neno moja juu ya breki hiyo ambalo nimelitumia maisha yangu yote. "Mwanagenzi akikosea, mguu wako uwe umefika kabla ya mdomo wako." Wako walimu hapa, sitawataja majina, ambao mdomo wao hufika asubuhi na mguu jioni.

Mtu aliyenitoa kwenye taipu ni Bi Zuhura, fundi cherehani wa Shella. Mumewe alikuwa baharia, na gari lao lilikaa uani miezi tisa kwa mwaka limefunikwa turubai, kuku wakitagia chini yake. Bi Zuhura alitaka kulitumia kupeleka nguo dukani na kumpeleka mama mkwe wake hospitali. Mume aliandika barua ya idhini kutoka melini. Ilikuwa barua nzuri yenye salamu nyingi, na mwishoni ilikuwa na sharti moja: mkewe asikae garini na mwanamume. Mzee Athmani aliisoma mara mbili, akakuna ndevu, akatazama walimu wake wawili, wote wanaume, kisha akanitazama mimi.

"Wakesho," akasema, "hebu iache hiyo taipu."

Hivyo ndivyo nilivyokuwa wa kwanza. Desturi ile ile iliyowaweka wanawake nje ya gari ndiyo iliyoniingiza mimi ndani, na tangu hapo sijaharakisha kuitukana desturi yoyote kabla sijaona inaelekea wapi.

Siku ya kwanza nilifanya kosa ambalo Mzee Athmani alilisimulia mpaka alipofariki. Kwa mazoea nilikwenda moja kwa moja nikaketi kwenye usukani. Bi Zuhura naye, kwa adabu, akaketi kushoto. Nikawasha gari, tukaondoka vizuri sana. Tulikuwa tumeshapita msikiti wa pili ndipo mama mkwe wake, Bi Mwanaisha, aliyeketi nyuma na tasbihi yake kuhakikisha mambo yanakwenda kwa heshima, akauliza kwa upole ni nani kati yetu aliyekuja kujifunza.

Bi Mwanaisha hakukosa somo hata moja. Wiki ya kwanza alikuwa akisoma dua kila kona. Wiki ya pili alianza kusema "taa, mwanangu, weka taa" kabla sijasema mimi. Kufikia wiki ya nne alizijua alama zote za barabarani, na siku Bi Zuhura alipopata leseni bibi yule alinuna kidogo, akauliza yake iko wapi.

Baada ya hapo walikuja. Alikuja mwalimu mkuu wa shule ya wasichana, akaja muuza mayai kutoka bara aliyekuwa na pikapu na hasira, wakaja dada wawili wa Vitengeni waliorithi lori la baba yao na hawakutaka kuliuza. Nilijifunza mambo ambayo hayakuwa katika kitabu chochote: kwamba mwanafunzi mfupi anahitaji mto wa sufi, si wa sponji, kwa sababu sponji inazama. Kwamba leso ifungwe goti lisibanwe, na pindo la buibui lipandishwe kabla ya kugusa klachi. Na kwa kuwa Malindi ni tambarare, mahali pekee pa kufundishia kuondoka mlimani palikuwa mwinuko wa saruji wa kupakilia mizigo nyuma ya ghala moja la pamba lililofungwa. Mtaita mzima, mtoto wa milimani, nilitafuta mlima mji mzima nikaupata nyuma ya ghala, urefu wake gari moja na nusu.

Sasa nije kwa Kadzo, ambaye ndiye hasa ninayetaka mumjue. Mkitaka kubandika picha, bandikeni yake.

Kadzo alikuwa nesi wa zahanati ya Adu, kule ndani Magarini. Mgiriama, mwembamba, mwenye sauti ya chini na macho yasiyokosa kitu. Zahanati yake ilikuwa imepewa Landrova ya kubebea wagonjwa, hasa akina mama waliokwama uchungu, ambao kabla ya hapo waliletwa kwa kitanda cha kamba mabegani mwa wanaume au kwa baisikeli. Dereva wake alihamishwa, hakuletwa mwingine, na Landrova ikakaa chini ya mkorosho. Kisha ikaja barua kutoka kwa wakubwa: ikiwa hadi mwisho wa mwezi ujao hakuna mtu pale zahanatini mwenye leseni, gari litapelekwa kituo kingine. Pale zahanatini walikuwa watu watatu. Mlinzi alikuwa haoni vizuri, mfagizi alisema yeye na magari mbali mbali. Akabaki Kadzo.

Alikuja kwetu kila Jumamosi kwa basi, na alikuwa mwanafunzi bora kuliko wote niliowahi kuwafundisha. Alishika usukani kama anavyoshika mkono wa mgonjwa, bila kubana. Kurudi nyuma kati ya mapipa alijua kwa siku moja. Mlima wangu wa ghalani aliupanda bila gari kurudi hata inchi. Nikamwandikisha mtihani nikiwa sina wasiwasi wowote, jambo ambalo mwalimu hatakiwi kulifanya.

Mtahini alikuwa ofisa wa polisi aliyekuja Malindi mara moja kwa mwezi, mtu wa bara, mnyoofu, wa maneno machache. Aliniruhusu niketi nyuma kwa sharti nisifungue mdomo. Kadzo alijibu maswali ya mezani yote, akavuka reli yetu ya rangi bila ajali, tukaingia mjini. Alikwenda vizuri hata nikaanza kufikiria chakula cha mchana. Tulipofika karibu na soko, nilimwona mzee mmoja anakuja ukingoni mwa barabara, mwavuli kwapani na jembe jipya begani. Kadzo naye akamwona.

Akasimamisha gari katikati ya barabara. Akaweka gia huru, akavuta hendibreki, hilo naomba mlikumbuke, akafungua mlango, akashuka, akazunguka mbele ya gari, akapiga goti mbele ya mzee yule na kuanza kumsalimu. Na salamu za Kigiriama si za "hujambo" ukapita. Unauliza alivyoamka, watoto walivyoamka, mvua, mahindi, mbuzi, na mguu uliokuwa ukiuma juzi. Nyuma yetu likasimama lori la nazi, mkokoteni na baisikeli mbili. Lori likapiga honi. Mtahini akanitazama kwenye kioo.

"Mwalimu, huyu anafanya nini?"

"Anasalimia, afande."

"Anamsalimia nani?"

"Nafikiri ni baba mkwe wake."

Akaandika kwenye karatasi yake kwa muda mrefu, na sikuhitaji kuisoma.

Jioni ile niliketi na Kadzo ofisini, nikamweleza kwamba sheria ya barabara haijui wakwe. Nilikuwa nimekasirika, nakiri, maana ulibaki mtihani mmoja tu kabla ya tarehe ya barua. Nikamwambia mwezi ujao akimwona mzee yeyote ampite, na kesho yake aende kumwomba radhi. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akanijibu kwa sauti yake ya chini.

"Mwalimu, kule Adu siitwi kwa sababu ya sindano. Naitwa kwa sababu nikifika mlangoni mwa watu najua kuwaheshimu wenyewe. Nikimpita baba mkwe, Mzee Charo, kama simwoni, watasema gari limenipa kiburi, na akina mama watafichwa ndani wazalie huko huko, nisiitwe. Sasa hiyo Landrova itambeba nani?"

Nililala na maneno yale, nikaamka nayo. Nilijua gari likiondoka wako wanawake watakaokufa njiani, na nilijua pia kwamba Kadzo hasemi uongo. Nilimpelekea Mzee Athmani habari hiyo, nikitumaini atanipa ujanja wa udereva. Akanipa tende. Akasema hilo si kosa la udereva, kwa hivyo halina dawa ofisini. "Nenda kwa wenyewe, mwanangu. Ukae, uwasikize."

Jumamosi iliyofuata nilipanda basi kwenda Adu na vibao vya herufi L ndani ya mkoba. Nilitarajia kumkuta Mzee Charo ana majuto. Kumbe sikumjua. Mzee alikuwa amesimulia kisa kile kila boma, na kila aliposimulia kilinenepa. Muuza tumbaku wa sokoni, mzee aliyeitwa Baya, alinishika mkono akaniuliza kama ni kweli nesi aliacha gari katikati ya Malindi, magari mia yakangoja, polisi akasimama wima, yeye akapiga goti kumsalimu baba mkwe. Nikamwambia magari yalikuwa machache kuliko hayo. Akanitazama kwa huruma, kama anayemtazama mtu asiyejua kusimulia.

Matokeo yake ni kwamba sasa kila mzee wa Adu alitaka naye ashukiwe. Tulifunga vibao vyetu kwenye Landrova, tukatoka zahanatini kwenda bwawani, mwendo ambao mtu huutembea kabla jasho halijamtoka. Kadzo alishuka mara kumi na moja. Nilihesabu. Mara ya saba tulipitwa na bibi mwenye mzigo wa kuni, na tulipomfikia tena tulilazimika kumsalimu yeye pia.

Tukaenda kwa Mzee Charo. Nilimweleza kwa adabu zote nilizofundishwa kwamba salamu ile ndiyo iliyomwangusha mkwe wake, na kwamba ikirudiwa gari litaondoka. Uso ulimbadilika, nikaona kwamba hakuwa amejua.

"Kwa hivyo ni mimi niliyemwangusha," akasema.

Nikamwambia hapana, ni sheria tu. Akasema ni yeye. Kadzo alikuwa ameinamisha kichwa, na mzee alikuwa na aibu hata asijue aweke wapi mikono. Lakini pamoja na aibu hiyo hakumpa ruhusa. Alisema akimwachia ampite, wengine watasema amemfundisha mkwe wake dharau, na dharau ikishaingia nyumbani haitoki kwa mlango ule ule. Tukakaa hapo, watu watatu wenye nia njema, hakuna wa kumsaidia mwenziwe.

Kilichotusaidia ni beberu. Kule Marafa palikuwa na mtu anauza beberu mwekundu ambaye Mzee Charo alikuwa amemtamani tangu mavuno, na alisikia kwamba jirani yake naye anamtaka. Basi lilikuwa limeshaondoka. Mzee akaitazama Landrova, akakohoa, akauliza kama mazoezi yetu yanaweza kuelekea upande wa Marafa. Nilimpisha kiti cha kushoto, nikakaa nyuma nikiwa nimeinama mbele, mkono karibu na hendibreki. Msinifuate katika hilo. Halikuwa somo la halali kamili, na ningemkuta mmoja wenu akilifanya ningemwita ofisini.

Mzee wa kwanza tulimkuta hata kabla ya bwawa. Kadzo akaweka taa, akasogea pembeni kama nilivyomfundisha asubuhi ile, akashuka, akasalimu. Mzee Charo naye akashuka, akasalimu kwa raha zake, mvua, mahindi, mbuzi. Wa pili vivyo hivyo. Kwa wa tatu alibaki garini akasalimu kupitia dirishani, na nilimwona akilitazama jua. Wa nne alikuwa mbele yetu chini ya kivuli cha mkorosho, ameshasimama tayari, fimbo ameiegemea. Kadzo akaweka taa.

"Usisimame," akasema Mzee Charo.

"Baba?"

"Pita. Huyu nimemsalimu jana."

Na tulipomkaribia akatoa mkono wote dirishani, mpaka begani, akaita salamu kwa sauti iliyowaamsha mbuzi. Yule wa kivulini akainua fimbo, akajibu, akacheka. Tukapita. Mikono ya Kadzo haikuondoka kwenye usukani. Alipotokea wa tano, mzee hakungoja, akatoa mkono tangu mbali, na kwa wa sita nadhani alikuwa ameanza kupenda kazi hiyo.

Marafa tulikuta kigingi na kamba. Beberu alikuwa ameondoka na jirani. Mzee Charo alikisimamia kigingi kile kwa muda, mikono nyuma, kisha akasema taratibu kwamba ni wale watatu wa kwanza waliomkosesha mbuzi.

Jioni aliwakusanya wenziwe akawaambia mambo mapya. Gari, alisema, halina subira kama mtu. Kwa hivyo anayeshika usukani ameshikwa mikono, hawezi kusalimu, na aliyeketi kushoto ndiye mkono wake na mdomo wake. Salamu ya huyo ni salamu ya gari zima, dereva akiwemo, na mzee atakayeikataa basi asiombe kupandishwa. Walibishana kidogo juu ya nini kitafanyika kiti cha kushoto kikiwa kitupu, wakakubaliana kwamba hapo dereva atainamisha kichwa. Nimeona sheria nyingi za barabarani zikipitishwa tangu siku ile, na sijaona iliyopita upesi namna hiyo wala iliyofuatwa vizuri zaidi.

Siku ya mtihani wa pili Mzee Charo alibaki Adu, alikuwa ameahidi hatakanyaga Malindi. Mimi niliketi nyuma tena, mdomo nimeufunga. Kadzo alikuwa ametulia. Mapipa, mlima, mzunguko, vyote vilikwenda. Tukaingia njia ya soko, nami nikaanza kuhesabu nguzo zilizobaki mpaka kituo cha polisi. Zilikuwa sita nilipomwona Mzee Baya, muuza tumbaku, na kikapu chake. Ilikuwa siku ya soko na hakuna aliyefikiria kumkataza yeye. Alilitambua gari kwa vibao vya L alivyoviona Adu, akasimama upande wa kushoto, akatua kikapu, akangoja.

Kiti cha kushoto hakikuwa kitupu. Alikaa mtahini.

Niliona vidole vya Kadzo vikikaza usukani. Gari halikupunguza mwendo. Akiwa anatazama mbele, akasema kwa sauti ile ile anayotumia kumwambia mgonjwa avute pumzi, "Afande, niwie radhi. Mikono yangu ina kazi. Naomba umsalimie yule mzee wa upande wako."

Niliuma pindo la leso yangu. Mtahini aligeuka akamtazama Kadzo, kisha akamtazama mzee pale nje, aliyekuwa amevua kofia na kuinua uso. Sijui alifikiria nini. Labda kwao nako kuna wazee. Alitoa mkono dirishani, nyota za sare zikionekana begani, akaita, "Shikamoo, mzee." Mzee Baya akajibu marahaba kwa sauti ya mtu ambaye atakuwa na kisa cha kusimulia mwaka mzima.

Hatua chache mbele palikuwa na mzee mwingine. Mtahini akashusha dirisha zaidi.

"Na yule je?"

"Yule simjui, afande."

Alimpa leseni. Alipokuwa akitia sahihi aliniambia kwamba amewatahini wengi ambao wakisemeshwa kidogo huachia usukani, na huyu hakuuachia. Hayo tu. Mimi nilikwenda nyuma ya ghala la pamba, kwenye mlima wangu, nikalia vizuri mpaka nikamaliza, kisha nikarudi kwa mwanafunzi wa saa tisa.

Landrova ikabaki Adu, na Kadzo akawa mwanamke wa kwanza upande ule kuendesha gari la wagonjwa. Sikumwona kwa miezi kadhaa. Halafu asubuhi moja ya mvua za masika, nikiwa nafundisha mtu kuegesha karibu na hospitali, nililiona gari lile linaingia langoni, tope mpaka kwenye paa. Nyuma alikuwamo binti wa Mzee Charo, wifi yake Kadzo, aliyekuwa na uchungu tangu jana yake na mtoto amekaa vibaya, mama yake amempakata kichwa. Mbele kushoto alikaa Mzee Charo, mikono yote miwili magotini.

Wauguzi walimkimbiza ndani. Mimi nilimwacha mwanafunzi wangu garini, jambo jingine ambalo msinifuate, nikaketi nao barazani. Kadzo alinieleza kando kwamba njia nzima, kutoka Adu mpaka lami, wazee walisimama ukingoni wakainua fimbo na kungoja, na baba mkwe wake hakumsalimia hata mmoja. Hakuwaona. Ilibidi yeye awapite wote hivyo hivyo, akiinamisha kichwa kila mara mpaka shingo ikamuuma, na hajui watasema nini.

Hawakusema kitu. Lakini siku ile hatukujua hilo. Tulichojua ni kwamba saa zilikuwa zinakwenda, na mlango ule wa ndani haufunguki. Ulipofunguliwa, muuguzi alitoka akatuambia ni mtoto wa kike, na mama yake ni mzima.

Mzee Charo aliinuka. Akamsalimu muuguzi, alivyoamka, watoto walivyoamka. Akashuka barazani akamsalimu mfagizi. Akaenda mpaka langoni akamsalimu mlinzi, akarudi akawasalimu wanawake wote waliokuwa kwenye benchi, mmoja mmoja, akanisalimu mimi mara mbili. Kadzo alikuwa nyuma ya Landrova na ndoo, anaosha sakafu ya gari. Alipomwona baba mkwe anamjia aliacha kitambaa haraka, akapangusa mikono kwenye sketi, akaanza kupiga goti kama ilivyo ada, maana mdogo ndiye huanza.

Mzee Charo akamwahi. Alivua kofia, akamsalimu yeye kwanza.